Mstari Niliouchora Shavuni Mwako

Mama,

Mto umekata ukingo tena. Migomba yako mitatu ya upande wa Garsen imekwenda na maji, ule wa ndizi kisukari umebaki. Baba hajambo, ila akiletewa chakula hukuita kwanza, kisha ndipo anakumbuka.

Nina neno la kukuambia, na nikizidi kulificha litanikaba.

Wakumbuka Nairobi, uvimbe wa shingo uliporudi mara ya pili? Nesi alikuchora mistari ya wino wa zambarau shavuni na shingoni, ya kuielekeza mashine ya miale, akatuonya isiguse maji mpaka matibabu yaishe. Daktari akasema miale haibagui: huunguza nyama mbovu, na nzima iliyo jirani nayo huungua pia, ila ile nzima ikipumzishwa huinuka tena. Ndiyo maana walikupa kidogo kidogo kila siku. Ukacheka, ukasema, "Kumbe ni kuchoma shamba tu." Wewe hukuwasha moto hata siku moja kabla ya kulowesha migomba ya jirani.

Ijumaa ile ulichoka kutayamamu kwa mchanga. "Niletee maji, mwanangu. Nimwendee Mola na uso wa wino?" Nikaleta. Ukatawadha, wino ukatoka. Niliogopa nesi atatugombeza, nikanunua wino dukani, nikakuchora upya kwa kukumbuka. Kalamu iliniteleza karibu na sikio. Ukaniuliza kama imekaa vilevile, nikakuambia ndiyo. Kesho yake mashine ikafuata mistari yangu, na siku zote zilizobaki.

Kisha mate yakakauka, wali ukawa unakukwama, jicho la kushoto likaingia ukungu. Daktari akamwambia nesi, "Ngozi ya mama huyu ni dhaifu," akaandika kwenye faili. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilinyamaza, mama.

Siku tulipokuosha kabla ya sanda ndipo nilipoona. Palipoungua palikuwa na mpaka, na mpaka ule ulipinda karibu na sikio. Wa nesi ulikuwa umenyooka. Niliujua mkono wangu. Tangu siku hiyo nikishika kalamu nauona ule mpindo, hata sasa nauona.

Labda ungekufa tu. Uvimbe ulikuwa sugu, madaktari wenyewe walisema. Labda. Sijui, na wa kumuuliza ni wewe.

Lala salama, mama yangu. Maji yakipungua nitavuka, nishuke Mombasa, nipande gari la moshi hadi kwa daktari yule. Nitamwambia afute alichoandika. Ngozi yako haikuwa dhaifu.

Mwanao,
Halima