Usizigawe Hariri Zako, Dada

Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dobi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo, na salamu zangu zikukute umeketi mahali penye upepo mzuri, Shemeji akiwa ameshavaa miwani yake tayari kukusomea. Shemeji, shikamoo na wewe. Nakuomba usome neno kwa neno, maana nakujua kwa kurukaruka. Hata pale ninapokusema wewe, usome.

Hali yako vipi, dada? Miguu bado inavimba jioni? Na usingizi unaupata? Naomba unijibu mwenyewe, kwa sababu Shemeji akiulizwa hujibu "hajambo" hata kama nyumba inaungua. Sisi huku wazima. Mume wangu kikohozi kimemwachia. Mimi mgongo unanisumbua kidogo kwa kusimama kwenye pasi kutwa nzima, lakini si wa kulalamikia.

Sasa nije kwenye barua yako ya mwisho. Uliposema daktari amethibitisha kwamba nuru ya macho yako iliyokwenda hairudi, nililia, sikufichi. Kisha ukasema umemwita yule mnunuzi wa vitu vya kale aje mwisho wa mwezi alichukue sanduku lako zima la skafu, kwa kuwa hariri usiyoiona haina faida. Sanduku lile tumelijaza wawili tangu usichana wetu. Nilitaka kukujibu siku ileile, nikaanza barua mbili, zote nikazichana. Leo ninalo la kukuambia, na ninaandika mbiombio kwa furaha, ndiyo maana mwandiko umekwenda upande.

Jumatano nilitoroka kazini mapema nikaenda kwenye lile duka la mitumba lililo chini ya ardhi, lisilo na dirisha hata moja. Nilikuwa nimesikia kuna mzigo mpya wa skafu. Nimeingiza tu mikono yote miwili kwenye rundo, umeme ukakatika. Giza totoro. Watu wakaanza kutafuta simu zao. Yangu nilikuwa nimeiacha kazini inachaji. Mwenye duka akapaza sauti, "Tulieni hapohapo, jenereta inawashwa. Na kila mtu ashike pochi lake, si la mwenzake." Wenzangu wakacheka na kurudi nyuma. Mimi na ubishi wangu unaoujua, mikono sikuitoa.

Nikaanza kupapasa. Nailoni, nailoni, pamba, kisha hariri. Hariri hata usingizini siikosei. Nikapitisha kidole, pakateleza. Nikasogea, pakakwaruza kidogo, halafu pakateleza tena. Nikaufuata mpaka wa ule mkwaruzo polepole. Ukapinda, ukarudi, ukajigawa. Dada, lilikuwa jani. Nimesimama gizani, na jani naliona: kikonyo chake, mishipa yake, hadi ile ncha ya mwisho. Taa zilipowaka nikatazama, kumbe ni skafu nyeusi tii, maua meusi juu ya weusi. Kwa macho ningeitupa pembeni nikidhani ni bitana ya koti.

Ilikuwa jakadi. Wewe ndiwe uliyenifundisha tofauti: za kuchapwa rangi imepakwa juu, lakini za jakadi ua limefumwa na uzi wenyewe, ukigeuza upande wa pili unalikuta humohumo. Miaka yote hiyo tuligeuza na kutazama, tukageuza na kutazama. Hatukuwahi kufumba macho.

Nilirudi nyumbani mbio, nikazimwaga zangu zote kitandani, nikamwambia mume wangu anifunge taulo usoni na kunipa mojamoja. Za kuchapwa zilikuwa bubu, hata ile ya mbunifu maarufu ninayoringa nayo mtaani. Za jakadi zikaanza kusema. Ile tuliyoiita Mkia wa Tausi niliitambua papo hapo, na Mvua ya Mshazari vilevile. Kwenye nyingine nilishikilia kwamba ni birika la chai, nikabishana mpaka jasho likanitoka, kumbe ni farasi ameinua mguu. Mume wangu amelitangaza hilo jengo zima, na sasa majirani wananiuliza farasi wangu ameshachemka.

Na huyo ni mimi, mwenye vidole vilivyokomaa kwa pasi, ambavyo ilibidi kwanza nivisugue kwa jiwe visije vikavuta nyuzi. Wewe umeshona maisha yako yote. Ulikuwa unatunga uzi kwenye sindano huku unanigombeza, macho yako kwangu, wala sindano huitazami. Nina hakika utasoma mengi kuliko mimi.

Kwa hiyo nakusihi, mwambie huyo mnunuzi asije. Kama ni lazima upunguze, mpe za kuchapwa akaringe nazo. Za jakadi zibaki. Sisemi haya ili kukupoza. Najua kidole si jicho, na najua ile rangi nyekundu uliyoipenda hutaiona tena, na jambo hilo linaniuma sana. Lakini maua yenyewe bado yamo kwenye uzi, na vidole vyako unavyo.

Nisalimie Mama Mdogo, umwambie ile sweta nimeipokea na inanitosha, asisikilize maneno ya watu. Nisalimie mwanao Profesa na mkewe. Mpwa wangu Kibonge mpe busu la shavuni, akikimbia mkimbize.

La mwisho ni kifurushi kilichokuja na barua hii. Jana nilirudi dukani, nikafumba macho, nikapapasa mpaka nikapata ya jakadi yenye mchoro uliopindapinda ukanishinda kabisa. Nikamwomba mwenye duka aifunge kwenye karatasi vilevile ilivyokunjwa, nami nikageukia ukutani. Nadhani aliamini nimerukwa na akili. Sijaitazama, dada, na Shemeji nakukataza kuchungulia. Kila skafu yetu imepewa jina na yule aliyeiona kwanza, na kwa kiherehere changu mara nyingi nimekuwa mimi. Hii haina jina. Ifungue, uione, kisha utuambie inaitwaje.

Mungu akupe afya, na akulinde kila unapokanyaga.

Wako akupendaye,
mdogo wako Chiriku