Daftari la Tata Becky

Ndila, acha kila kitu usome. Mshtakiwa ni Njambi, yaani huyu anayekuandikia.

Unajua Tata Becky, dada ya mama yangu, ana MS, ule ugonjwa wa neva. Mtafiti kutoka Thika alimpa daftari aandike kila anachosahau, wapime kumbukumbu yake. Mshtakiwa, akiwa likizo kwake Mwiki, hakujua. Akawa anahamisha vitu apate kucheka. Sukari ndani ya ndoo ya unga. Slipa juu ya kabati. Miwani ndani ya friji!!

Leo mtafiti amefungua daftari. Mambo manane kwa wiki moja. Akasema polepole, "Mama, naona ugonjwa umesonga mbele."

Umesonga mbele, Ndila!!

Tata akainama. "Basi niwaambie shuleni watafute mwalimu mwingine."

Mshtakiwa akapiga magoti hapo hapo, akakiri. Sukari, slipa, miwani, yote saba.

Tata akacheka mpaka machozi. "Shetani wewe! Kumbe kichwa changu ni kizima!"

Mtafiti akayakata saba kwa kalamu. Likabaki moja, akalisoma:

"Jumanne. Nimetaka kumwita mtoto wa dada yangu, jina lake likakataa kuja."

Ndila, hilo jina sikulificha mimi.