Kizibo Kilichobaki Kwenye Sahani Yako

Mama mkwe wangu mpendwa,

Hii ni mara ya kwanza nakusemesha moja kwa moja. Usikimbie. Nami sitaruka ua, magoti yangu hayakubali tena. Miaka yote ile ya Zaire tuliishi Kalemie, nyumba tatu tu kati yetu, na hatukuwahi kutazamana usoni. Nikikuona unatoka kanisani, nilivuka barabara. Ukiniona nakuja na baiskeli, uliugeukia mgomba wa karibu ukajifanya unakagua majani. Kwenu mlilelewa hivyo, kwamba mwanamume na mama wa mke wake hawasemeshani, na mimi niliyeoa kwenu niliipokea heshima hiyo pamoja na Feza.

Tulizungumza kupitia kwake. Mimi nilisimama uani nikamwambia Feza maneno yaliyokuhusu wewe, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika. Wewe ukajibu kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni, ukimwambia yeye maneno yaliyonihusu mimi. Alichoka, maskini. Siku moja alituambia kwamba sisi wawili tutamzeesha kabla ya wakati.

Unaikumbuka jeep yako, Mama. Ile nyeupe ya Kijapani, ya dizeli, silinda nne na turbo iliyopiga mluzi ikipanda mlima. Papa, mume wako, alipofariki, ndugu zake walibeba karibu kila kitu, ila gari hilo walikuachia kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwa jina lako. Lilipeleka ndagala, wale dagaa wa ziwani, Nyunzu na kurudi na mihogo na karanga, nawe ukikaa mbele pembeni mwa dereva, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Wadogo zake Feza walikula kutokana na gari hilo, na minerval yao, ile ada ya shule, ilitoka humo humo.

Kisha gari la jirani, la aina ile ile, likaharibika njiani. Ndani ya injini zile kulikuwa na vyuma viwili virefu, vizito upande mmoja, vilivyozunguka hasa kwa kazi moja: kutuliza mtetemo. Vilizungushwa na mkanda mdogo. Mkanda ule ulipokatika, uliingia ndani ya mkanda mkubwa unaoendesha valvu, valvu zikapinda na injini ikafa papo hapo. Mimi fundi nilifungua lako nikaona mkanda mdogo umeanza kupasuka. Mkanda mpya haukuwepo Kalemie wala Kigoma, na kuungoja utoke Lubumbashi kwa treni kulikuwa kama kungoja mvua ya mwezi wa saba.

Nikaamua kuvitoa vile vyuma viwili, gari litembee bila mkanda mdogo. Shemeji yako alikuja kukuonya usikubali. Alisema waliotengeneza injini hawakuwa wajinga, na kwamba mkwe akikuharibia gari, hutaweza hata kumgombeza. Hilo la pili lilikuwa kweli. Lakini nikakusikia ukimwambia Feza, "Ambia bwana yako afungue. Mimi namuamini."

Yule aliyeniajiri mjini hakutaka kazi za ndugu karakanani kwake, kwa hiyo nilifanyia kazi uani kwako. Kupitia kwa Feza ulinipa ile sahani yako ya bati yenye maua mekundu, niweke bolti na vitu vidogo visipotee. Nami nikaeleza, eti namweleza Feza, kwamba vyuma vikitoka vinaacha matundu mawili ya mafuta ya kulainisha injini. Nimechonga vizibo viwili vya shaba, nikasema, kutoka kwenye bomba la zamani. Kimoja kikikosekana, mafuta yatapotelea humo ndani, na turbo, inayozunguka kwa kasi ya ajabu, itakufa kwa kiu, na injini nzima itaifuata. Feza alipiga miayo. Wewe, kumbe, ulikuwa unasikiliza neno kwa neno.

Nilitoa vyuma vyote viwili. Kipande kifupi cha kimoja nilikirudisha, kwa sababu ndicho kilichoshikilia pampu ya mafuta. Nikapigilia kizibo cha kwanza. Wakati huo huo matone ya mvua yakaanza, na mihogo yako ilikuwa imeanikwa hatua tatu tu kutoka kwenye jeep. Nilisikia mlango wa jikoni. Ulikuwa unakuja kuokoa mihogo yako, na mimi nikafanya alichopaswa kufanya mkwe mwenye adabu: niliangusha nyundo, nikaruka ua na mikono yangu yote ya grisi. Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

Niliporudi, aibu ilikuwa bado imenijaa, na kichwa changu kiliniambia vizibo vyote viwili viko ndani. Nikafunga kifuniko cha mbele. Nikafunga mkanda mkubwa, rejeta, kila kitu. Ilinichukua saa tatu. Mwisho nikaweka sahani yako kwenye ngazi ya jikoni, na kitambaa kichafu juu yake, nikapanda kwenye jeep nikashika ufunguo. Feza alikuwa ameenda sokoni kununua makala, mkaa wa kupikia. Uani hapakuwa na mtu mwingine, ni mimi, na wewe nyuma ya ukuta.

Najua uliinua kile kitambaa. Najua pia kwamba ulisita, maana nilisikia sahani ikilia juu ya ngazi, kisha kimya. Nafikiri ulitafuta kwa macho mtoto yeyote, jirani yeyote, wa kukusemea. Halafu ikatoka sauti yako, ikinijia mimi mwenyewe.

"Mukwe, usiwashe moteri. Kizibo kimoja kingali humu mu sahani yangu."

Nilitoa mkono kwenye ufunguo kana kwamba umeniunguza. Nilikaa mle ndani nikilia kama mtoto, na wewe ukarudi jikoni ukafunga mlango. Nikafungua injini upya mpaka kwenye lile tundu. Jeep iliwaka kesho yake, ikatembea miaka mingine mingi, ikitetemeka kiasi kwamba abiria waliipa jina la Homa. Ulimwambia Feza, "Ambia bwana yako: gari inatetemesha mpaka meno, lakini inafika."

Jioni ya siku ile ulinitumia kuku, wa kuomba radhi kwa kunisemesha. Mama, wewe ndiye uliyeniomba radhi mimi. Kuku yule nilimla nikiwa na aibu, na alikuwa mtamu.

Uliokoa gari lako, uliniokoa na mimi nisiwe yule mkwe aliyekumaliza. Nami sikukuambia asante. Feza alikupelekea salamu zangu, lakini neno lile nililitaka litoke kinywani mwangu, na adabu ikanizuia mpaka siku tulipokuzika, nikiwa nimesimama mbali pamoja na wakwe wengine.

Basi nimeandika. Feza yuko hapa, naye amezeeka, na anasema ni sisi tuliomzeesha. Kesho nitampa barua hii, asimame uani kwako karibu na ule ukuta wa jikoni, aisome kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Mstari wa mwisho asiuguse. Huo nitausoma mwenyewe.

Asante, Mama.

Mkwe wako,
mume wa Feza