Hita ya Kabula na Kitambaa Changu

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Kabula ametengeneza hita. Mwanangu, kwa mikono yake. Inasimama yenyewe, inanifika kiunoni, na ndani ina feni. Naandika hili kwanza, mengine baadaye.

Mengine ni yale yale. Mvua. Nimepika uji wa mzazi, nimefua nepi, hazikauki. Leticia, mke wa mwanangu Masanja, hatoki chumbani na kichanga chake. Mjukuu wangu ni njiti, alikuja kabla ya miezi yake, uso mdogo kama ngumi. Hospitali walituruhusu kwa masharti. Alale kifuani kwa mama yake, chumba kiwe na joto, na jiko la mkaa lisiingie humo ndani kabisa. Masanja yuko safarini na lori. Kaniachia baridi na kazi.

Chumba chenyewe sakafu ya saruji, dirisha upande wa ziwa. Mvua za mwaka huu si za kawaida. Mtaa wetu wa Kirumba mzima watu wamevaa masweta ya mitumba.

Siku hizi madukani hita zipo, vitu vya nje vimejaa, lakini si vya watu kama mimi. Kabula akasema atatengeneza. Huyu kasoma ufundi umeme. Alikuwa kiwandani mpaka walipopunguza watu, sasa anafunga mota kwenye karakana ya mtu. Msichana peke yake kati ya wanaume, na wanamwita fundi. Alinionyesha mchoro. Koili mbili zimesimama wima, nyuma yake bati linalong'aa la kurudisha joto mbele. Chini feni ndogo inasukuma hewa kupanda nyuma ya bati ili kasha lisipate moto sana, hewa inatokea juu kwenye matundu. Mbele wavu wa kuzuia vidole. Nikamuuliza kwa nini isilale chini. Akasema chumba ni kidogo, na ya kusimama joto linamfika mtu pale alipo kitandani.

Sikuelewa yote. Mimi niliishia darasa la nne. Nilielewa kwamba huyu nimemzaa mimi.

Jumanne, 4 Novemba

Inawaka. Nyekundu kama jua la jioni, na haina moshi. Leticia amefunua miguu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Mtoto amenyonya vizuri.

Nimewaita majirani wote. Wamechungulia mlangoni kwa zamu. Nimewaambia ya kwanza hiyo Mwanza. Labda si ya kwanza. Sijali.

Nimetuma salamu Nansio kwa mkwe wangu, mama yake Leticia, aje aone mjukuu. Na hita. Nimesisitiza hita.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku mbaya.

Mkwe alifika mchana na meli. Namheshimu kwa hilo, maana tangu meli ile izame ziwani mwaka jana wengi wanaogopa kuvuka. Alikuja na kuku, ndizi, na jiko la mkaa jipya limefungwa kwenye kanga. Kwao Ukerewe mzazi anaota moto wa mkaa, akasema, na yeye watoto wake wote walikua hivyo. Nikamjibu kwa adabu kwamba hapa tuna kitu cha kisasa.

Kabla hajaingia chumbani nilikuwa nimeipamba hita. Ilikuwa uchi, bati tupu. Kila kitu cha maana ndani ya nyumba yangu kina kitambaa nilichofuma mwenyewe. Redio, makochi, meza, hata mtungi wa maji. Nikaitandikia kile cheupe chenye waridi pembeni, kizuri kuliko vyote. Ikapendeza. Mkwe mwenyewe alikishika akakisifu.

Tukaenda kula. Harufu ikaanza. Nilidhani ni ugali unaungua jikoni. Kisha Leticia akapiga kelele. Moshi umejaa, kitambaa kinaungua juu ya matundu, rangi ya kasha inavimba malengelenge. Nilivuta plagi kwa waya, jambo ambalo Kabula alinikataza. Mkwe alimnyakua mtoto.

Akaniambia mbele ya majirani, wale wale niliowaita Jumanne: "Mama Masanja, hiki ndicho kitu chako cha kisasa? Mlitaka kumchoma mtoto wa watu?"

Nilikiokota kitambaa changu, bado kinafuka.

Ijumaa, 7 Novemba

Kabula alikuja asubuhi kutoka kwake, kabla ya kazi. Alimwamkia mkwe, mkwe akaitikia marahaba akiangalia pembeni. Kabula akakiona kitambaa, nusu yake mkaa.

Mimi ndiye niliyeanza. Nilimfokea. Nikamwambia redio yangu ina kitambaa miaka yote na haijaungua hata siku moja, kwa hiyo ubovu ni wa hita. Akaifunga hita kwenye nailoni, akajitwisha, akatoka na mvua.

Najua kuwa kosa ni langu. Hasira haikujali.

Jioni jiko la mkaa likaingia chumbani.

Jumamosi, 8 Novemba

Chumba kina joto, nisiseme uongo. Mkwe ana furaha. Nafungua dirisha, yeye anafunga. Nafungua, anafunga. Nimemkumbusha masharti ya hospitali. Akasema manesi ni watoto wadogo.

Nimeshindwa katika nyumba yangu mwenyewe. Nani atanisikiliza baada ya kile kitambaa?

Jumapili, 9 Novemba

Naandika usiku, nimetoka hospitali.

Nilikwenda misa ya kwanza. Niliporudi nyumba kimya. Nikabisha hodi kwenye nyumba yangu kama mgeni. Mlango wa chumba ukafunguka, Leticia akatokea na mtoto kifuani, macho hayaoni mbele. Akaniambia kichwa kinampasuka. Akaanguka. Nilimdaka mtoto, mama yake nikamkosa, akajigonga begani.

Mkwe alikuwa amekaa kitandani, amelegea, anatapika. Mtoto midomo imebadilika rangi. Niliwavuta wote mpaka ukumbini, milango wazi, mvua inaingia, nikapiga kelele. Jirani mwenye pikapu akatupeleka hospitali.

Hakuna aliyekufa. Naandika tena. Hakuna aliyekufa. Daktari amesema ni sumu ya mkaa, na dirisha lilikuwa limefungwa. Mtoto anapumua vizuri, ila wamebaki naye wamtazame, na mama yake.

Mkwe amekaa sakafuni wodini, hataki kula. Nilijiandalia maneno ya kumwambia njia nzima kutoka nyumbani. Nilipomwona hivyo nikayaacha. Nikamfunika kanga yangu.

Jumanne, 11 Novemba

Wamerudi nyumbani. Tunambeba mtoto kifuani kwa zamu, ngozi kwa ngozi, Leticia, mimi na mkwe. Sufuria za maji ya moto tunaingiza na kutoa. Mvua haikati. Kuni zimelowa. Tukichoka atapoa, na akipoa tena sijui. Naogopa kulala.

Kabula amekuja na kipimio na penseli. Hakuanza na hita. Alizunguka nyumba nzima akitazama vitambaa vyangu, kimoja kimoja, kama mtu wa sensa. Akamuuliza mkwe huko Nansio wao wanafanyaje. Mkwe akajibu kwa shida: vile vile, na kitu kikiwa na joto wanaanikia nguo. Kabula akaandika.

Nilimwomba msamaha jikoni. Nilijua lazima, nikausema haraka niumalize. Akaniambia: "Mama, mimi ndiye niliyekosea. Nilichora hita ya nyumba isiyo na mama."

Nimekaa na maneno hayo mpaka ugali umeshika chini.

Ijumaa, 14 Novemba

Hita imerudi. Si ile.

Juu hakuna tena mahali pa kuweka kitu. Kabula amepainamisha kama paa la nyumba, mteremko mkali, na matundu ameyashusha mbele chini ya ukingo, kama baraza. Miguu ameipanua na kuitia chuma kizito, mtu akijikwaa haiangushi. Na ndani, penye njia ya upepo wa feni, kuna kibati chepesi kinachoning'inia. Upepo ukipita, kinanyanyuka na kugusa swichi, koili zinawaka. Upepo ukizibwa, au umeme ukiwa mdogo kama jioni zetu hizi feni ikachoka, kibati kinaanguka na koili zinazima zenyewe.

Mkwe alisikiliza mikono kifuani. Kisha akainuka, akachukua nepi mbichi, akaitupia juu. Ikateleza ikaanguka. Akaiokota, akaizibia matundu kwa mikono miwili, anamtazama Kabula usoni. Tukasikia tak. Wekundu ukafifia ukaisha.

Akaondoa nepi. Ikawaka tena.

Hakusifu. Alisema tu kwamba Nansio umeme una saa zake, lakini kwa zile saa chache angependa iwepo moja kama hiyo. Kisha akalichukua lile jiko lake na kulipeleka jikoni, akaanza kukaanga samaki.

Nilikwenda chumbani kulia kidogo. Leticia ameniona, akajifanya amelala.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua ndogo. Nesi alikuja na mizani yake. Mtoto ameongezeka, shingo imeanza kuwa na mkunjo. Leo nimemsikia akilia kwa sauti ya mtu mwenye nguvu, nikatabasamu peke yangu kwenye karai la nepi.

Sikujizuia. Asubuhi nimejaribu kuweka kitambaa juu ya hita, ikiwa imezimwa. Kimeteleza. Nimejaribu tena. Kimeteleza. Nimekirudisha kwenye redio.

Mkwe ndiye aliyeleta habari ya jina. Amesema mtoto aitwe Kabula. Kwetu sisi Wasukuma ni jina la mtoto wa mvua, na huyu kweli kazaliwa kwenye mvua. Kwa sababu ya mvua tu, anasema. Nimemjibu sawa, kwa sababu ya mvua. Kabula mkubwa ameinamia waya zake, hakuinua kichwa.

Kufikia Jumapili Masanja atakuwa amerudi. Ndugu wa Nansio watavuka Jumamosi, wetu wa Buhongwa na Usagara watakuja na usafiri wao. Tutamtoa mtoto nje waone, na jina tulitangaze. Jumapili tarehe 23, baada ya misa, watakuja wote.