Tanki Tupu la Sironka

Rafiki yangu Sironka,

“Reggae ikishaingia kompyuta, hiyo ni maiti imevalishwa suti.” Gitau alitamka hayo Jumapili mbele ya marafiki wote, ufunguo wa stoo yenye spika zako ukiwa mfukoni mwake. Akaongeza kwamba maneno hayo ni yako.

Ni yako kweli. Nilikubishia ukiwa hai na sioni kwa nini niache sasa.

Mwangwi wa muziki wako wewe ulitoka Jamaica? Ulitoka kwenye tanki la maji nyuma ya nyumba yako hapa Kitengela! Lori la maji likichelewa, mama watoto analalamika hana ya kufua, sisi tunashangilia. Unashusha spika kuukuu ndani ya tanki tupu kwa kamba, maikrofoni kando yake, na ngoma inarudi imenenepa. “Msiite maji leo!” unapiga kelele. Nani alikufundisha hayo? Uliyabuni. Basi mwanao akibuni, kosa liko wapi?

Mwanao Naserian ameshusha maikrofoni kwenye tanki lilelile. Nilienda kumsuta, nakiri, maana ile besi ya kompyuta niliisikia barabarani nikadhani trela limeharibika. Nikaweka kiganja kwenye geti la mabati, ulivyotuzoesha kupima besi. Geti likanitetemesha mpaka kwenye bega. Halafu akaondoa ngoma, akaondoa gitaa, kikabaki kishindo kile cha chini, na juu yake sauti kutoka kanda yako ya zamani: “Msiite maji leo... maji leo... leo...”

Nilikaa chini, ndugu yangu.

Ni reggae? Sijui, na kutojua huku kunaniwasha. Nilimwambia arudie. “Uncle, kwa hizi spika ndogo husikii hata nusu,” akanijibu. Nusu nyingine inasema nini? Ni spika zako tu zinazoweza kutuambia, na Gitau amezifungia.

Jumamosi tunakukumbuka, mwaka umeisha tangu utuache, na Naserian anataka kupiga wimbo huo kwa spika zako. Nitasimama mbele kabisa, kiganja kwenye mbao za spika, na nikisikia uongo nitasema ni uongo. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Pumzika, mbishi wangu.

Na ninyi wazee wa spika, nitakaowasomea barua hii siku hiyo hapo nyumbani kwake: sikilizeni kwanza, ndipo mtukane. Gitau, toa ufunguo mfukoni. Mpe Naserian mkononi, sasa, sote tukiona.