Ukuta Uliogeuka Paa

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Woodley tuko salama, na babu yako amepona kikohozi. Umeuliza, kwa ajili ya jengo unalotaka kuchora, kama niliwahi kuona jengo linalosogea. Niliona siku ya arusi yangu, kule Mutuini. Kanisa lilijengwa na shangazi yangu Kanini, msanifu majengo, kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa bila kuchomwa, ila ukuta mmoja ulikuwa wa mbao, umefungwa kwa bawaba juu. Lilijaa, kisha mvua ikawanyeshea wageni waliobaki nje.

"Sukuma huu ukuta wa mbao," shangazi akaniambia.

Nikausukuma kwa mkono mmoja tu. Mawe yaliyoning'inia kwa kamba yakaubeba uzito wake, nao ukainuka polepole ukawa paa juu ya wageni wote. Shangazi alikuwa amewafikiria kabla hawajaalikwa.

Ukichora jengo lako, nitumie mchoro niuone.

Nyanya yako,
Mutheu