Josia Asiende Kwenye Mtihani

Specioza mwanangu,

Ukirudi sokoni, uji uko kwenye chupa. Mdogo wako Josia anywe kwanza, kabla hajashika tena yale madaftari ya saikolojia. ~~Mtihani ni saa nane, umsindikize mpaka getini chuoni.~~ Hapana. Asiende.

Asubuhi nimemkuta mezani na nguo za jana, anasoma kwa sauti. Nikamwamkia kwa Kisukuma chetu, "Mwangaluka, Josia. Lala kidogo, baba." Akasimama kwa adabu, akasema, "Shikamoo. Mama yangu ametoka, karibu umsubiri."

Mimi! Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Akanivutia kiti.

Nilimshika mkono twende hospitali, akang'ang'ania meza. Chini ya mto wake nimekuta vidonge vya kufukuza usingizi, nimeondoka navyo nikamwonyeshe daktari. Na wewe ulivyokuwa ukimsifu kwa kukesha!

Mama Shija wa jirani amekaa naye. Mpokee. Funguo za pikipiki nimezificha, asikudanganye.

Akikuita dada, nipigie. Akikukaribisha kama mgeni, usibishane naye, kaa kwenye hicho kiti, halafu nipigie haraka.

Mama yenu